Mke Mwenza Mwenye Ndevu

Je, msomaji wangu, umewahi kumvizia mumeo wiki tatu nzima, ukapanda ngazi kwa ncha za vidole na mkasi umo mkobani, ukausukuma mlango ili umfumanie na kimada, halafu ukakuta chumbani hamna mwanamke hata wa dawa?

Basi hayo ndiyo yaliyomfika Mama Pini.

Wiki iliyopita tulimwacha mkono uko kwenye kitasa, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Kwa aliyechelewa kuungana nasi, huyu ndiye fundi wa mavazi wa ile filamu inayopigwa kwenye kiwanda cha zamani cha sabuni. Jina hilo alipewa kazini, maana kola ya gauni lake haikosi pini kumi na tano, na sindano moja iliyotungwa uzi tayari. Mumewe ndiye mwigizaji mkuu. Wanamwita Sura Mia. Ameigiza polisi, mwizi, daktari, bwana harusi na marehemu, na kila mara watu wakaamini, hasa marehemu.

Sasa Sura Mia alikuwa akitoweka kila alasiri baada ya kazi. Na kwenye filamu yumo Mrembo, anayeigiza mchumba wake, mwenye kiuno cha kushikika kwa viganja viwili. Wewe ungewaza nini? Mama Pini naye aliwaza hilo hilo.

Mlango ukafunguka.

Wanaume kumi na mmoja wamekaa mkekani, miguu wameikunja. Viatu vimepangwa mlangoni jozi kwa jozi kama dukani. Chumba hakina picha, hakina kalenda, hakina hata kioo. Karibu na dirisha kuna mtu wa makamo, kipara kinang'aa, ndevu zimechanwa unywele kwa unywele, miwani ya fremu nyembamba. Na mbele yake amepiga magoti Sura Mia, mkono wa yule mtu uko juu ya kichwa chake.

Sura Mia alikuwa analia.

Si kilio cha filamu. Hicho Mama Pini anakijua vizuri, jicho la kushoto hutangulia ili kamera ilipate chozi. Hiki kilikuwa kilio cha makamasi, mabega yanaruka. Miaka tisa ya ndoa hajawahi kukisikia.

"Yuko wapi?" Mama Pini akafoka.

"Nani, dada?" yule mwenye kipara akauliza, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Huyo mwanamke!"

Mmoja aliyekaa nyuma, mwembamba mwenye pengo, akachekea puani.

"Hapa hakuna mwanamke," kipara akasema. "Ndiyo maana kuna utulivu."

"Na wewe ni nani?"

"Ndugu zangu huniita Mtulivu."

"Ungekuwa mwanamke ningejua pa kukushika! Wewe hata nywele huna!"

Wakacheka wawili watatu. Mtulivu hakucheka. Aliinamisha macho hadi kwenye miguu ya Mama Pini, akayaacha hapo.

"Dada, umetuingilia na viatu."

Lo! Mtu umekuja kumwaibisha mwizi wako, sasa wewe ndiye unayetafuta pa kuficha vidole. Mama Pini akamtazama mumewe, akingoja neno moja tu. Huyu ni mke wangu. Basi. Sura Mia akafuta kamasi kwa kiganja, akatazama mkeka.

"Mwanangu," Mtulivu akamwambia, "mpeleke nyumbani. Kesho ni siku kubwa."

Mwanangu! Na wamepishana miaka kumi, kama inafika.

Msomaji, wivu juu ya mwanamke una njia zake. Utasema pua yake, utasema visigino vyake, mashoga zako watakusaidia kusema. Lakini wivu juu ya mwanamume mwenye miwani, anayekwambia umekanyaga mkeka wa watu, huo utauanzia wapi?

Mama Pini aliuanzia ngazini.

"Kumbe mke mwenza wangu ana ndevu!"

"Punguza sauti."

"Nipunguze? Nimekuja kumtafuta mwanamke mmoja, nimekuta wanaume dazeni! Afadhali angekuwa mwanamke. Mwanamke ningeshindana naye. Ningesuka, ningepika, ningenunua gauni. Huyu nishindane naye kwa nini, nifuge ndevu?"

Sura Mia hakucheka. Zamani angecheka mpaka ashike ukuta. Walitembea hadi kwenye kona ya muuza kufuli ndipo akasema.

"Mwongozaji ndiye aliyenituma. Alisema kama naigiza kijana anayevutwa na kundi, niende kwa watu wa namna hiyo, nione wanavyokaa, wanavyosema."

"Ukaona?"

"Nikaona."

"Ukajifunza hadi kulia."

Akasimama. "Siku ya kwanza Mtulivu aliniuliza, wewe ni nani? Nikataka kumjibu. Nilikaa mpaka chai ikapoa, jibu sina. Nikivua nguo unazonivalisha, mke wangu, simkuti mtu."

"Ungemjibu wewe ni mume wa mtu!"

"Hiyo ni sura mojawapo."

Neno hilo lilimwingia Mama Pini kama sindano chini ya ukucha, na fundi yeyote atakwambia hakuna sindano mbaya kama hiyo.

"Sikiliza," akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Mimi nami namwomba Mungu. Naomba nikishona, mshono kwa mshono, ndiyo maana kazi yangu haifumuki. Mungu huyo hajawahi kuniambia nimfiche mume wangu nilipo. Huyo wenu anasemaje?"

"Anasema dunia imechafuka, na wachache ndio watakaoisafisha."

Alilisema kwa upole, taratibu, kidevu kimeinuliwa kidogo. Mama Pini akamkazia macho. Ile sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya Mtulivu. Ameivaa kama koti, na imemkaa begani barabara.

"Umepata sura ya mia na moja," akamwambia. "Mtoto wa fundi vyuma alikaa mkeka kama huo mwaka juzi. Naye alikwenda kusafisha. Akalipua soko la watu, na yeye mwenyewe humo humo. Mama yake kaletewa kofia. Kofia, baba! Nimeishika kwa mikono yangu hii, aliniomba nimshonee mahali palipoungua."

Sura Mia akaanza kutembea tena. Mama Pini akamfuata.

"Na kama picha ni uchafu, maana hata kalenda hamna ukutani, kesho unakwenda kupigwa ya nini?"

"Mtulivu amesema nimalize."

Hapo Mama Pini akaona kitu hakijakaa sawa, kama mkono wa shati ulioshonwa kinyume. Mtu anayeharamisha hata kalenda ukutani, anataka filamu imalizwe? Lakini wivu, msomaji wangu, haungoji akili ifunge kamba za viatu. Ukatangulia.

"Ulikuwa unalilia nini pale?"

"Acha."

"Nakuuliza. Ulikuwa unalilia nini?"

"Mtoto."

Gari likapita. Likapita na la pili.

Miaka miwili nyuma mimba ya Mama Pini ilitoka ikiwa na miezi saba. Siku ile ile Sura Mia alikwenda kazini, akaigiza bwana harusi, akarudi na vichekesho alivyovisikia huko, akavisimulia vyote. Mama Pini alikunja vile vishati sita alivyokuwa ameshona, akavifunga kwenye kitambaa, akaviweka chini ya cherehani. Viko hapo mpaka leo. Anavigusa kwa dole gumba la mguu kila anapokanyaga pedali.

"Ulimweleza yule habari za mtoto wetu?"

"Aliniuliza."

"Na mimi?"

"Wewe hukuuliza. Wewe uliendelea kushona."

Wakafika nyumbani. Kila mmoja alikula upande wake wa meza, na chumvi ilikuwa katikati, na hakuna aliyeiomba.

* * *

Asubuhi. Chumba cha mavazi, kiwandani. Zamani kilikuwa stoo ya sabuni, na siku za joto kuta bado zinanukia. Mama Pini anapanga vifungo. Mlango unapigwa teke. Mrembo huyo!

"Mama Pini, leo unaniambia ukweli. Mimi nanenepa au gauni linasinyaa?"

"Kitambaa hicho husinyaa."

"Wiki tatu? Kila siku? Jana nimesema 'nakupenda' nusu nizimie, Mwongozaji akanisifu eti nina hisia!"

Na mimi nitakueleza, maana Mama Pini hakusema. Kila jioni kwa wiki tatu alikuwa anapunguza kiuno cha gauni lile upana wa uzi mmoja. Si kingi. Uzi mmoja tu, halafu anapiga pasi. Wivu wake ulikuwa wa kifundi, una vipimo.

"Nilidhani..." akaanza.

"Najua ulidhani nini! Kiwanda kizima kinajua! Mimi nimtake mumeo? Mtu anayekariri maneno yake chooni?" Mrembo akaketi juu ya mfuko wa nguo, uso ukabadilika. "Lakini si hilo lililonileta. Asubuhi hii alikuja kuniaga."

"Nani?"

"Mumeo. Alikuja akaniomba msamaha kwa kila alichowahi kunitania. Akasema hatutaonana."

Sasa, mke mwenye akili timamu hapa angeruka kitini akakimbia uani. Mama Pini alifanya nini?

"Kakuaga WEWE?"

"Mama Pini..."

"Mimi nimelala naye kitanda kimoja, nimempasulia yai asubuhi, hajaniaga. Wewe kakuaga!"

"Mwanamke, sikia neno lenyewe! Hatutaonana! Leo tunapiga picha ya mwisho, ile ya lori. Mtu akienda kupanda lori la uongo, anaaga watu?"

Vifungo vikamwagika.

Sasa ule mkono wa shati uliokaa kinyume ukageuka, ukakaa sawa. Mtulivu amesema nimalize. Kesho ni siku kubwa. Na lile lori. Mwongozaji alilisifu wiki nzima! Kibali cha picha za barabarani kimebandikwa kiooni, muhuri mkubwa wa bluu, na vizuizi vyote vya njia kuu vimeshaarifiwa. Lori la filamu lipite, lisisimamishwe, lisipekuliwe.

Mtu anayetafuta njia ya kuwapitisha watu hadi ng'ambo ya mpaka angeomba nini zaidi?

Mama Pini akachukua daftari lake, akatoka mbio, pini zinamdondoka njia nzima.

Lazima nikueleze kuhusu daftari hilo, maana ndilo litakalotufikisha mwisho. Filamu haipigwi kwa mfululizo. Leo unapiga mtu akitoka mlangoni, wiki ijayo unapiga akifika njiani, na mtazamaji ataona ni dakika moja. Kwa hiyo fundi wa mavazi hubandika picha ya kila mwigizaji kwenye daftari. Kifungo gani kimefungwa, mkono umekunjwa mara ngapi, kamba ya kiatu imefungwa vipi. Ikitofautiana, Mwongozaji anaugua.

Uani jua lilikuwa limeshaanza kuwaka. Lori limesimama, mashine inanguruma. Nyuma wamekaa washiriki kumi.

"Hawa umewatoa wapi?" Mama Pini akamuuliza Mwongozaji. Huyu ni mtu mfupi, kofia ya majani, hazungumzi na mtu bila kuangalia jua.

"Wamejitolea! Bure! Wamekuja na nguo zao, leo usihangaike. Umewaona wanavyokaa? Huwezi kumfundisha mwigizaji kukaa vile. Ukweli mtupu!"

Mama Pini akawatazama, mmoja mmoja. Miguu imekunjwa. Walikuwa wale wale wa mkekani.

Akatazama usukani. Dereva wa siku zote hayupo, ameshikwa na tumbo, hivyo ndivyo walivyoambiwa. Aliyeshika usukani ni yule mwembamba mwenye pengo. Na pembeni yake, kofia imeshushwa hadi usoni, miwani ya fremu nyembamba.

"Mwongozaji, lori hili halitasimama."

"Litasimama getini. Tumeshafanya mazoezi. Nikisema kata, anayepanda mwisho anagonga bati mara tatu, dereva anasimama."

"Halitasimama, nakwambia! Wanaondoka kweli! Mume wangu anaondoka!"

Mwongozaji akamshika bega kwa huruma. Huruma nyingine, msomaji, inauma kuliko kofi.

"Mama Pini, habari za jana za kule ghorofani zimeshanifikia. Ndoa yako nitaisikiliza saa nane. Jua linahama. Kimya uani!"

Kimya kikaanguka. Na kimya cha kamera hakina mchezo. Kamera ikizunguka hakuna anayepita, hakuna anayekohoa, hata mpishi huacha kijiko hewani. Miaka tisa Mama Pini ameilinda sheria hiyo kuliko mtu yeyote.

"Ekshen!"

Sura Mia akatoka mlango wa kiwanda. Shati jeupe, mikono imekunjwa mara mbili. Sawa. Kifungo cha juu wazi. Sawa. Mfuko mdogo bega la kulia. Sawa. Mama Pini alikuwa analinganisha na daftari bila kutaka, macho yamezoea. Suruali, sawa. Viatu...

Viatu!

Kwenye daftari ni vyeusi, vya kamba, vya filamu. Vimemzidi namba moja, yeye mwenyewe huvijaza vitambaa mbele kila asubuhi, ndiyo maana leo vilikuwa bado kwenye meza yake ndogo pale uani na hakuna aliyevifuata. Alivyovaa Sura Mia ni vya kahawia. Vyake. Vya nyumbani. Vile alivyobadilisha soli mwezi jana kwa fundi wa kona, akasema hivi sasa vitanifikisha popote.

Mtu anayekwenda mbali havai viatu vya kuazima.

Sura Mia akapanda lori. Kulingana na maandishi, kijana hageuki nyuma. Naye hakugeuka. Mpiga picha akanong'ona, "Safi sana huyu." Lori likaanza kujivuta, polepole, maana ua ule ni mashimo matupu.

Mama Pini akamrukia Mwongozaji sikioni. Safari hii hakutaja mume, hakutaja ndoa, hakutaja Mungu.

"Viatu si vyenyewe."

"NINI?"

"Vyeusi kwenye daftari. Kavaa kahawia."

"KATA! KATA! KATA!" Mwongozaji akatupa kofia chini. "Ninyi mnataka kuniua! Rudisha lori!"

Lakini lori halikurudi.

"Kata jamani!"

Lori likapita shimo la kwanza. Likapita la pili. Wale kumi hawakugeuza hata shingo. Na Sura Mia, mtu wa mwisho kupanda, mkono wake ulikuwa pajani. Bati halikugongwa.

Mama Pini alikuwa ameshavikwapua vile viatu vyeusi mezani kwake, moja huku, moja huku. Akakimbia. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, ndara zote mbili zimebaki shimoni, anakimbia katikati ya picha, mahali ambapo hajawahi kukanyaga maishani mwake.

"Viatu vyako!" anapiga kelele. "Viatu vyako, baba!"

Na hapo ndipo watu wa filamu walipofanya kosa ambalo hakuna mwingine angelifanya. Badala ya kufunga geti, Mwongozaji akamshika mpiga picha mkono.

"Usizime! Piga! Piga! Mama anatoa roho, piga!"

Mlinzi wa geti, alipoona kamera inamwelekea, akanyoosha shati, akafungua geti lote, akapiga saluti.

Mama Pini akafika nyuma ya lori. Akarusha kiatu kimoja ndani. Akarusha cha pili. Akashika bati la nyuma, akakosa pa kukanyaga, akaning'inia.

Mkono ukamdaka.

Mkono uliozoea kukushika hauulizi kwanza. Sura Mia mwenyewe hakujua ameunyoosha lini. Akamvuta juu, akamtua katikati ya wale wanaume kama gunia, pini zinawachoma, mmoja akapiga yowe lisilo na utulivu hata kidogo.

Lori likatoka getini. Likashika lami. Likaongeza mwendo.

Kidirisha cha nyuma ya dereva kikafunguliwa. Miwani ikachungulia.

"Mwanangu," Mtulivu akasema, sauti ile ile ya kubembeleza. "Mshushe."

"Lisimamishe basi!" Mama Pini akajibu.

"Hatusimami. Atashuka kama alivyopanda."

Sura Mia akaangalia lami inavyokimbia. Akamwangalia yule aliyemwita mwanangu. "Ataumia, Mwalimu."

"Kila anayesafishwa huumia."

Mama Pini akacheka. Kicheko kibaya, cha mtu aliyetapeliwa akapata risiti. "Umesikia? Huyo ndiye aliyekuuliza wewe ni nani! Mimi hajaniuliza. Kwake mimi ni viatu mkekani."

"Shuka, mke wangu," Sura Mia akasema. Sauti ilitaka kuwa ya Mtulivu, ikapasuka katikati. "Nitamwomba apunguze mwendo. Wewe hujui tunakokwenda."

"Wewe unajua?"

Akageuzia uso barabarani.

"Nakuuliza, unajua? Umeambiwa mji gani? Umeambiwa utarudi lini? Sokoni, wapi, utasafisha nini, kwa mikono hii inayoogopa hata kuchinja kuku?"

Mmoja wa wale kumi, mdogo kuliko wote, akageuza shingo. Naye pia alitaka kulisikia jibu.

Sura Mia akainuka, akashika bomba la juu. Bati la kichwa cha lori lilikuwa usawa wa kifua chake. Ngumi ikapanda. Mara tatu tu, hivyo ndivyo walivyofanya mazoezi. Lakini dereva ni wao, je, atasikia? Na akisikia, atasimama? Ngumi ikabaki hewani, viatu vya kahawia vinateleza kwenye sakafu ya chuma, na vile vyeusi vinagongana miguuni mwake kama vinamtafuta mwenyewe. Mbele, mwisho wa barabara, kizuizi cha kwanza kilishaonekana, na askari, kama alivyoagizwa, alikuwa anakiinua.

"Sema unachotaka!" akamfokea mkewe, na machozi yalikuwa yanamtoka, macho yote mawili kwa pamoja, bila kamera, bila jicho la kutangulia. "Umenifuata wiki tatu, umenifumania ghorofani, umekimbia pekupeku! Unataka nini kwangu? Wivu huu wote, ni wa nini?"

Miaka miwili alikuwa amelishona neno hilo, akalifumua, akalishona tena. Mama Pini akavuta pumzi. Hakupiga kelele. Alilisema kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

"Nilitaka ulie kwangu. Si kwake. Nilitaka urudi nyumbani siku ile, uache vichekesho mlangoni, ukae chini karibu na cherehani, tumlilie mtoto wetu sisi wawili."

Ngumi ikashuka juu ya bati: mara moja, mara mbili, mara tatu.